Usikate mkia wa pikipiki kabla hujajua unabeba nini

(Hii ni hotuba niliyoitoa Jumamosi asubuhi kwenye yadi ya kuchomelea kule Nyakato, Mwanza, mbele ya mafundi, madereva boda na vijana wanaopenda kujenga cafe racer, zile pikipiki za mkia mfupi na siti ya mtu mmoja. Wengi mliniambia hamkuweza kufika kwa sababu ya kazi, kwa hiyo nimeiandika yote kama nilivyoongea. Picha nilizokuwa naonyesha ukutani nimeziacha.)

Mwangaluka! Mwangaluka wazee wangu, kaka zangu, dada zangu, na nyie vijana wa kijiweni mliokaa juu ya pikipiki zenu kule nyuma utadhani mtaibiwa. Sogeeni bwana, viti vipo.

Naanza na swali. Nani hapa hajawahi kuletewa simu na mteja, kwenye simu kuna picha ya pikipiki imekatwa nyuma, siti fupi imelala kama ubao, madigadi hakuna, taa ya nyuma kadogo, afu mteja anakwambia fundi nataka boda yangu iwe hivi mpaka ijumaa? Nyoosha mkono. Haya, hakuna. Wote imetukuta. Na wengi wetu tunajibu nini? Tunajibu hamna shida, lete advansi. Afu tunawasha grenda.

Mimi leo sina maneno mengi ya urembo. Rangi mtajua wenyewe, siti mtashona wenyewe. Nimekuja kuongelea kitu kimoja tu, mkia wa fremu, ile sehemu ya nyuma kuanzia chini ya tangi mpaka kwenye taa. Kwa sababu ndipo tunapokata, na ndipo watu wanapoanguka.

Ila kwanza tujue haya mambo yametoka wapi, maana kuna mtu aliniuliza mlangoni kama cafe racer ni kampuni. Sio kampuni. Ni pikipiki za vijana wa Uingereza miaka ya 1950 na 1960, walikuwa wanakutana kwenye migahawa ya barabarani, maarufu kuliko yote ni Ace Cafe pale London, ilifunguliwa 1938, vita ikaibomoa, ikajengwa tena 1949, ikafungwa 1969 na ikafunguliwa upya 2001. Sifa yao ilikuwa kufikisha maili 100 kwa saa, yaani kama kilomita 160. (Na siku hizi tuna daraja la Kigongo–Busisi, kilomita 3 za lami juu ya maji, najua kabisa kuna watu hapa macho yamewaka. Acheni. Upepo wa ziwa pale haujui kwamba umetengeneza pikipiki kali.)

Sasa sikilizeni hapa ndipo pananifurahisha. Pikipiki waliyoiheshimu kuliko zote iliitwa Triton, injini ya Triumph ndani ya fremu ya Norton, kampuni mbili za pikipiki za Uingereza. Kwanini wajisumbue hivyo? Kwa sababu injini ya Triumph ilikuwa inakimbia, ila fremu ya Norton, ile ya Featherbed iliyobuniwa na ndugu wawili wa McCandless kutoka Belfast, ndiyo ilikuwa inatulia kwenye kona. Mwaka 1950 mwendeshaji Geoff Duke alishinda mbio za pikipiki za Senior TT kule Isle of Man akiwa juu ya Norton yenye fremu hiyo. Kwa hiyo hawa watu hawakuanza na siti. Walianza na fremu! Na mkia wao ulikuwa mfupi kwa sababu rahisi kabisa, alikuwa anapanda mtu mmoja. Hakuna abiria, hakuna gunia la mkaa, hakuna ndoo ya dagaa. Sisi tunachukua ule mkia wa mtu mmoja tunauweka kwenye pikipiki ambayo jioni itapakia mishkaki kupanda Bugando. Mnanipata?

Haya. Mkia unabeba nini?

Chukua hizi boda zetu za shokapu mbili, ziko kila kona. Kuna bomba mbili za juu zinazobeba siti, zinakwenda nyuma. Kuna bomba nyingine mbili zinazopanda kwa ulalo kutoka kule chini karibu na ekseli ya swingamu, ule mkono unaoshika gurudumu, zinakuja kukutana na bomba za siti. Na pale zinapokutana, au jirani kabisa, ndipo kichwa cha shokapu kinafungwa. Ni pembetatu. Wanasema mzigo mzito mpe Mnyamwezi, sasa kwenye pikipiki Mnyamwezi ni ile kona. Kila shimo unalopiga, gurudumu linasukuma shokapu, shokapu inasukuma ile kona, kona inagawa mzigo kwa bomba la juu na bomba la ulalo. Ukiangalia ukawa umeelewa hilo, kazi nusu imeisha.

Kwa hiyo kuna mstari. Chukua chaki, chora mstari kwenye kichwa cha shokapu. Vilivyo nyuma ya mstari vinabeba siti ya nyuma, keria, madigadi, taa. Vilivyo mbele ya mstari vinabeba gurudumu, na wewe, na maisha yako. Nyuma ya mstari kata kwa akili. Mbele ya mstari usikate. Narudia, mbele ya mstari usikate! Ile bomba ya ulalo hata kama inaharibu muonekano, hata kama kule mtandaoni umeona pikipiki ina uwazi mzuri chini ya siti unapitisha mkono, ile pikipiki ya mtandaoni pengine ilijengewa pembetatu nyingine sehemu nyingine ambayo kwenye picha huioni.

Kuna pikipiki ililetwa kwetu kutoka upande wa Buhongwa. Kijana ameinunua hivyo hivyo imeshakatwa, nzuri kweli, nyeusi na mistari ya dhahabu. Analalamika inayumba nyuma, amebadilisha beringi, amebadilisha busha za swingamu, amebadilisha tairi, bado inayumba. Tukatoa siti. Aliyeijenga alisogeza kichwa cha shokapu mbele kama vidole vinne ili shokapu zilale vizuri kwenye picha, akakichomelea katikati ya bomba la siti, sehemu tupu, hakuna bomba la ulalo linaloipokea. Kwa macho huoni kitu. Tukapaka mafuta ya taa kuzunguka mshono, tukaacha kidogo, tukafuta mpaka pakakauka, tukapaka unga wa chaki. Tukakaa tukanywa chai. Tuliporudi kwenye ule unga mweupe kulikuwa na mstari mwembamba wa mafuta, umezunguka bomba zaidi ya nusu. Bomba lilikuwa limeshapasuka, limebaki kipande kidogo kimeshikilia. Na huyo kijana alikuwa ametoka nayo Buhongwa na mke wake nyuma.

Hiyo ya mafuta ya taa na chaki ni bure kabisa jamani, fanyeni. Kabla hujakata chochote ipime fremu nzima hivyo, maana boda iliyofanya kazi miaka mingi kwenye makorongo inaweza kuwa imeshapasuka kabla hujaigusa, afu lawama zinakuwa zako.

Kuhusu hizo za shokapu moja katikati nasema kwa kifupi, mzigo wa gurudumu haupiti kwenye mkia, unaingia katikati ya fremu, kwa hiyo mkia wake mara nyingi ni mwepesi na nyingi zimefungwa kwa bolti. Hizo ni rahisi, unafungua unaweka pembeni unatengeneza mpya. Bado inabeba makalio ya mtu lakini, usiniletee bomba la antena.

Na mtu akikwambia aah nyuma ya mstari hamna mzigo, mfanyie hesabu. Abiria wa kilo 70 amekaa sentimita 30 nyuma ya kichwa cha shokapu. Hiyo ni sawasawa na kuning'iniza kilo 21 kwenye ncha ya bomba la mita nzima. Hapo amekaa tu, pikipiki imesimama. Ingia kwenye shimo pale Mabatini, zidisha mara mbili au zaidi. Nani anataka mshono wake wa kwanza upimwe hivyo?

Sasa bomba. Hapa ntakaa kidogo mnivumilie.

Ile sehemu ya nyuma ukishaikata unaziba na kitanzi, bomba lililopindwa kama herufi U, mara nyingi limenyanyuka kidogo mwishoni. Vile vya kununua mtandaoni vinakuja na kipenyo cha nje cha milimita 22 au 25. Boda yako inaweza ikawa na kipimo kingine kabisa. Chukua kalipa, pima. Pima nje, kata, pima na unene wa ukuta. Ukikuta fremu ina ukuta wa milimita 2 usiniletee bomba la kitanda lina ukuta wa milimita 1 eti linaingiana. Linaingiana kwa macho tu.

Na bomba la GI, lile la maji lenye zinki. Najua lipo kila duka la hadwea na bei yake nzuri. Ukilichomelea ile zinki inawaka inatoa moshi mweupe, usiku unaanza kutetemeka, homa, mwili unauma, mdomoni ladha ya chuma, unakimbilia kupima malaria. Sio malaria! Ni moshi. Na yale maziwa mnayokunywa eti yaondoe moshi, wazee wangu mnisamehe, maziwa ni mazuri ila hayaendi kwenye mapafu, yanakwenda tumboni. Tumia bomba jeusi. Kama GI ndiyo iliyopo basi sagia zinki yote mpaka uone chuma chenyewe, nje na ndani pale unapochomelea, afu fanyia kazi nje kwenye upepo, upepo tunao wa kutosha sisi.

Kupinda. Wachache hapa wana mashine ya kupinda bomba, wengi tunatumia moto na mchanga. Njia nzuri tu. Unajaza mchanga, unagonga gonga bomba mpaka ushuke ukae, unajaza tena, unaziba kwa vigingi vya mti, unapasha pale pa kupinda mpaka pawe pekundu, unapinda taratibu kufuata umbo ulilochora chini. Mchanga unazuia bomba lisibonyee. Ila sikilizeni watu wa ziwani, mchanga tunaouzoa ufukweni una maji hata kama juu unaonekana mkavu. Maji ndani ya bomba lililozibwa pande mbili, ukaweka moto, yanakuwa mvuke, na mvuke lazima utoke. Kuna karakana moja, sitaitaja, kigingi kilichomoka kikapiga bati la paa kikatoboa. Kama pale juu angekuwa mtu amesimama anachungulia? Kaanga mchanga kwanza. Ndiyo, kaanga, kwenye bati juu ya moto, geuza geuza mpaka usione mvuke hata kidogo, uache upoe, ndio ujaze. Kazi ya nusu saa.

Kuunga sasa. Hapa ndio napenda kumsema mzee mmoja fundi wa kukereza, yupo upande wa Igogo, jina lake hapendi litajwe. Mzee huyu ukimpelekea bomba hakuulizi unataka nini, anapima tundu la ndani, anachukua nondo ya chuma laini, anaikereza mpaka inaingia ndani ya bomba kwa kugongwa kidogo na nyundo, sio inadumbukia, inaingia kwa kugongwa. Hicho kipande cha ndani ndio roho ya kiungo. Kinaingia upande wa fremu na upande wa kitanzi, kila upande kiingie urefu usiopungua kipenyo cha bomba, mimi napenda mara moja na nusu. Afu unatoboa matundu mawili kwenye bomba kila upande, kama milimita 8, usiyapange kwenye mstari mmoja, unajaza mshono kwenye matundu ili bomba na kipande viwe kitu kimoja, afu ndio unazungusha mshono wa kiungo chenyewe. Kingo umeshazisagia ziwe na mteremko ili mshono uingie ndani, usikae juu kama uji umemwagika. Nilimuuliza mzee kwanini asilegeze kidogo iwe rahisi kuingiza. Akanijibu, "kikicheza leo hakijachomelewa, kesho kitacheza kimechomelewa." Sikuuliza tena.

Bomba jembamba na rodi nene ya kuchomelea haviendani. Rodi ya milimita 3.2 kwenye ukuta wa milimita 2 utatoboa, utaziba, utatoboa tena, mwisho unapaka puti. Tumia 2.5, moto mdogo, anzia kwenye amperi 60 au 70, jaribu kwanza kwenye kipande kile ulichokata, ndio kazi yake hicho. Mwenye mashine ya kuchomelea ya MIG au TIG mshukuru Mungu na uitumie. Usichomelee upande mmoja mpaka mwisho, mshono ukipoa unavuta, utakuta mkia unaangalia Sengerema wakati gurudumu linaangalia Magu. Shikiza nukta kushoto, nukta kulia, juu, chini, pima, ndio uendelee kwa kupokezana. Na kabla hata hujakata, chomelea chuma cha muda kuunganisha bomba la kushoto na la kulia, maana ukikata tu zile bomba zinaachia, upana uliokuwepo unapotea. Uzi wa mafundi ujenzi unatosha kabisa, ufunge katikati ya shingo ya usukani uvute mpaka katikati ya kitanzi, pima kushoto na kulia. Ikishakaa, usimwagie maji ili ipoe haraka. Iache.

Kuna mambo ya kabla ya kuchomelea nayapitia mbio kwa sababu mnayajua ila hamfanyi. Tangi litoke, lisifungwe tu, litoke liende mbali. Betri itoke, uanze na hasi. CDI na regyuleta, vile viboksi vya umeme wa plagi na wa chaji, zichomoe. Klipu ya ethi ibane karibu na unapochomelea, kwenye chuma safi, usiibane kwenye gurudumu la mbele umeme ukapita kwenye beringi. Hayo tu.

Sasa kuna kitu hakuna anayekikumbuka mpaka kimtokee. Tairi linapanda! Pikipiki ikiwa imesimama karakanani kuna nafasi nzuri kati ya tairi na siti, mteja anapiga picha, anaondoka. Kuna moja ilijengwa hapa hapa mjini, ilikwenda vizuri kabisa kwenye lami ya Capri Point, mwenyewe akawa anazunguka nayo jioni watu wanaangalia. Siku akaenda Nyegezi barabara ya vumbi na rafiki yake nyuma. Tuta la kwanza, tairi likapanda likakuta chini ya siti fundi amefunga waya zote na betri, kwa sababu ile boksi ya pembeni iliondolewa ili pabaki wazi. Tairi likala waya. Taa zikazima, injini ikazima, giza limeshaingia. Walisukuma.

Dawa yake ni ndogo. Kabla ya kushikiza kitanzi, toa shokapu zote mbili, weka jeki chini ya tairi, nyanyua gurudumu mpaka pale shokapu ingekuwa imebanwa yote. Urefu wa shokapu iliyobanwa unaupata kwa kutoa springi na kuibana kwa mkono. Hapo ndipo upime nafasi ya tairi na kitanzi, na sahani ya siti, na waya, na taa. Mimi siridhiki chini ya vidole vitatu. Na cheni iangalie hapo hapo, inakaza wakati gurudumu linapanda.

Nafasi haitoshi? Ndio maana kitanzi kinanyanyuliwa nyuma. Mlidhani ni urembo?

La mwisho, karatasi. Namba ya chasisi imegongwa kwenye fremu, mara nyingi shingoni kwenye usukani. Usiisagie, usiipake puti, usiifunike na rangi nzito. Fremu isiyosomeka namba mbele ya trafiki ni pikipiki ya wizi mpaka uthibitishe vingine, na kuthibitisha huko kunakula siku. Pleti ya MC ibaki inaonekana, taa ya breki iwake, indiketa ziwepo. Na kama mteja wako ana leseni ya LATRA, wale wasimamizi wa usafiri wa ardhini, ya kubeba abiria, mwambie kwa mdomo wako mbele ya shahidi, hii ukiikata hivi sio boda tena, ni pikipiki ya mtu mmoja. Afu toa vikanyagio vya abiria kabisa. Vikibaki, atapakia. Tunajuana.

Maswali nimeyapokea mengi, ntajibu hili moja kwa sababu limeulizwa na watu watatu: je inawezekana kubadilisha mkia bila kuchomelea kabisa, ili siku ya kuuza boda irudi ilivyokuwa? Inawezekana, na kwa pikipiki inayolisha familia mimi ndiyo njia ninayoipendekeza. Unaacha fremu kama ilivyo mpaka kwenye kichwa cha shokapu, unakata vile vya nyuma tu, ndani ya kila bomba unagonga kile kipande cha kukereza, unatoboa bomba na kipande pamoja, unapitisha bolti mbili za M8 (unene milimita 8) daraja 8.8 (ndio ugumu wake) kila upande, moja wima moja ya ubavu ili zisilegee kwa pamoja, na nati za kujifunga. Kwenye mkia uliokata unaingiza vipande vya aina ile ile, unaweka juu ya kabati umeandika namba ya pikipiki kwa rangi. Bolti utazikaza tena baada ya wiki ya kwanza. Itakuwa na uzito zaidi kidogo, na yule wa kwenye picha atasema anaziona bolti. Mwambie ndiyo, zinaonekana.

Haya, fremu ya mazoezi iko pale mezani, chaki zipo. Anayedhani anajua mstari unapita wapi aanze kuchora, grenda nimeifungia mimi mpaka kila mtu awe amechora.